Ayub Kalule, bondia ambaye majaji hawakuwahi kumnyima ushindi

Ayub Kalule ndiye Mganda wa kwanza kuvaa mkanda wa dunia wa ngumi za kulipwa. Alizaliwa mwaka 1954, akaibukia katika kizazi cha mabondia wa ridhaa ambacho Uganda haijapata kingine mfano wake, na kati ya 1976 na 1986 alipanda ulingoni mara 50 kwa malipo. Alishinda mapambano 46, na katika hayo 24 hayakufika kengele ya mwisho. Alipoteza manne. Yote manne yalikatishwa njiani. Haikutokea hata mara moja majaji wakajumlisha kadi zao na kumpa ushindi mtu mwingine. Kwa mtu aliyepigana mara nyingi hadi raundi ya 15, rekodi hiyo si ya kawaida. Inamweleza Kalule vizuri kuliko usiku mmoja wa Houston, Marekani, ambao ndio watu wengi wanaomkumbukia.

Uganda ya ujana wake ilikuwa nchi ya ngumi. Jeshi, polisi, magereza na halmashauri ya jiji la Kampala vilikuwa na klabu zao, na bondia mzuri aliweza kupata ajira kwa sababu ya makonde yake, akalipwa mshahara wa askari au karani huku kazi yake hasa ikiwa mazoezi. Ukumbi wa ndani wa Lugogo, Kampala, ulijaa watu kila yalipofanyika mashindano ya taifa. Hata mtawala wa nchi alikuwa mtoto wa ulingo: Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971, alikuwa bingwa wa Uganda wa uzani wa juu mwepesi kwa miaka mingi alipokuwa askari wa jeshi la kikoloni.

Matunda ya mfumo huo yalianza kuonekana kwenye Olimpiki kabla Kalule hajafikia umri wa kwenda huko. Mwaka 1968, Mexico City, Eridadi Mukwanga alipata fedha na Leo Rwabwogo shaba. Miaka minne baadaye, Munich, Rwabwogo alirudi na fedha. Ng'ambo ya mpaka, Kenya nayo ilikuwa na Philip Waruinge, aliyepata shaba mwaka 1968 pamoja na kombe la bondia mwenye ufundi kuliko wote wa michezo ile, kisha fedha mwaka 1972. Uganda na Kenya zilinoana. Kijana wa Kampala aliyetaka kuitwa bingwa alijua kwamba kumshinda jirani wa Nairobi ni sehemu ya mtihani.

Kalule alikuwa shoto, mwenye mwili ulioshikana, mabega mapana na pumzi isiyokatika. Hakuwa mtu wa kurukaruka ulingoni. Alisogea mbele hatua kwa hatua, mkono wake wa kulia ukitangulia kumpima mpinzani na kumziba macho, kisha konde la kushoto likafuata mwilini au kichwani. Mtindo wa namna hiyo haumpendezi sana mtazamaji anayengojea konde moja la miujiza. Unachofanya ni kumnyima mpinzani nafasi ya kupumua, na unapata thamani yake halisi pale pambano linapokuwa refu. Jambo la kushangaza ni kwamba Kalule alianza kutamba katika ngumi za ridhaa, ambako pambano lilikuwa la raundi tatu tu na mtu anayechelewa kuwasha moto huona kengele imelia kabla hajaanza kazi.

Mwaka 1974 ndio uliomtoa. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Christchurch, New Zealand. Kalule, akiwa na umri wa miaka 20, alichukua dhahabu ya uzani mwepesi, yaani kilo 60, kwa kumshinda Kayin Amah wa Nigeria katika fainali. Mganda mwenzake, Mohamed Muruli, alipata dhahabu ya uzani wa welta, na Stephen Muchoki wa Kenya akaibeba ile ya mabondia wadogo kuliko wote. Dhahabu tatu za ngumi zikaja Afrika Mashariki kwa safari moja.

Agosti mwaka huohuo yalifanyika mashindano ambayo hayakuwa yamewahi kuwapo: ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa, mara ya kwanza kabisa, mjini Havana. Kabla ya hapo bondia wa ridhaa hakuwa na jukwaa la dunia zaidi ya Olimpiki. Cuba iliyaandaa na ilikusudia kuyatawala, na kwa kiasi kikubwa ilifaulu, kwa kuwa dhahabu tano kati ya 11 zilibaki kwa wenyeji, mmoja wao akiwa Teófilo Stevenson wa uzani wa juu. Nyingine ziligawanywa kati ya Umoja wa Kisovyeti, Marekani, Puerto Rico na Yugoslavia. Iliyobaki moja, ya welta nyepesi, yaani kilo 63.5, ilikwenda Uganda. Kalule alimshinda Vladimir Kolev wa Bulgaria katika fainali na kuwa Mwafrika pekee aliyeondoka Havana na dhahabu.

Orodha ya mabingwa wale 11 ni darasa la historia ya ngumi. Wilfredo Gómez wa Puerto Rico alikuja kuwa mmoja wa wapigaji wakali kuliko wote wa uzani wa supa bantam. Mate Parlov wa Yugoslavia alitwaa mkanda wa dunia wa WBC, mojawapo ya mashirika ya ngumi za kulipwa, katika uzani wa juu mwepesi mwaka 1978. Howard Davis wa Marekani aling'ara Olimpiki ya 1976 kuliko mwenzake yeyote, lakini katika ngumi za kulipwa aliufukuzia ubingwa wa dunia asiupate. Stevenson na Wacuba wenzake hawakwenda huko kabisa, maana nchi yao ilikuwa imezipiga marufuku ngumi za kulipwa. Katika kundi lote la Havana, waliofika kileleni pande zote mbili ni watatu tu: Gómez, Parlov na Kalule.

Kwa kijana aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa, hatua iliyofuata ingekuwa Olimpiki ya Montreal, Julai 1976. Kalule hakuingoja. Mapema mwaka huo aligeukia ngumi za kulipwa nchini Denmark, na historia ikampa haki, kwani Uganda ilijiunga na nchi nyingi za Afrika kuisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki. Mabondia wengi wa kizazi chake walipoteza nafasi ya maisha yao kwa kususa huko. Yeye alikuwa tayari ana mkataba na promota.

Kwa nini Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya? Jibu lina jina la mtu mmoja, Mogens Palle, promota aliyeendesha ngumi za kulipwa nchini humo kwa miongo kadhaa. Sweden ilizipiga marufuku ngumi za kulipwa mwaka 1970, na Norway ikafuata muda mfupi baada ya mwongo huo kuisha. Copenhagen ikabaki kuwa kituo cha biashara hiyo katika nchi zote za Skandinavia. Palle alihitaji mabondia wazuri wa kujaza kumbi zake, na Afrika Mashariki ilikuwa na mabingwa wa ridhaa wasio na ulingo wa kulipwa nyumbani. Nyuma ya Kalule walikuja Mustafa Wasajja wa Uganda, aliyepigania mkanda wa dunia wa uzani wa juu mwepesi dhidi ya Michael Spinks mwaka 1982 akashindwa katika raundi ya sita, na yule Muchoki wa Christchurch, aliyewania ubingwa wa dunia wa uzani wa flai mwaka huohuo naye akaukosa.

Hali ya nyumbani nayo ilisukuma. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliuporomosha uchumi wa Uganda, bidhaa zikaadimika, na utawala wa Amin ukawa wa damu. Bondia wa ridhaa aliyeitwa shujaa kwenye uwanja wa ndege angeweza kurudi nyumbani akakuta hakuna sukari. Ni rahisi leo kumlaumu mchezaji aliyeondoka, lakini waliobaki hawakupewa mbadala wowote wa maana.

Miaka mitatu ya kwanza Denmark ilikuwa ya kupanda ngazi taratibu. Palle hakuwa na haraka. Alimletea Kalule wapinzani wa Ulaya na Amerika, wengine wakongwe, wengine wachovu, na kijana akawamaliza mmoja baada ya mwingine. Mwili wake uliendelea kukua. Aliyekuwa na kilo 60 Christchurch sasa alikuwa anapigana karibu na uzani wa kati, unaoruhusu hadi kilo 72.57. Mei 1978, mjini Copenhagen, alimsimamisha Al Korovou katika raundi ya 14 na kutwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola wa uzani huo. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu awe bingwa wa Jumuiya hiyohiyo katika uzani mwepesi upande wa ridhaa. Ushindi wa raundi ya 14 ulionyesha pia kilichobadilika ndani ya ulingo: bondia wa raundi tatu alikuwa amegeuka kuwa mtu wa masafa marefu, na ni katika masafa hayo ndipo wapinzani walipoanza kumwogopa.

Hata hivyo, mkanda wa dunia alioutafuta ulikuwa ngazi moja chini, kwenye uzani wa supa welta, usiozidi kilo 69.85. Aliyeushika kwa upande wa WBA, shirika jingine la ngumi za kulipwa, alikuwa Masashi Kudo wa Japani, aliyekuwa mwanamieleka kabla ya kuvaa glovu. Kudo naye hakuwa amewahi kushindwa. Kumfuata kwao kulimaanisha kupigana mbele ya watu wake, na mji uliochaguliwa ulikuwa Akita, kaskazini mwa Japani, ambako Kudo alikuwa ameutwaa mkanda huo mwaka uliotangulia.

Pambano lilifanyika tarehe 24 Oktoba 1979 na lilifika raundi zote 15. Lilikuwa pambano linalomfaa Kalule kikamilifu. Kudo alikuwa na nguvu na moyo, lakini hakuwa na dawa ya shoto anayesogea bila kuchoka, na kadri raundi zilivyosonga ndivyo tofauti ilivyoonekana. Majaji wote walimpa mgeni. Kudo aliachana na ngumi baada ya hapo, akiwa amepoteza pambano moja tu maishani mwake. Uganda ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa ngumi za kulipwa katika mwaka uleule ambao Amin aliondolewa. Kampala ilikuwa imeanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979, na kufikia Oktoba nchi ilikuwa na rais wake wa pili tangu Amin akimbie. Mkanda ulikuja wakati nchi yenyewe haikuwa na utulivu wa kuusherehekea, wala ukumbi, wala fedha za kuandaa pambano la kuutetea.

Kwa hiyo aliutetea Denmark, mara zote nne. Desemba 1979 alimshinda Mmarekani Steve Gregory kwa pointi. Aprili 1980 alimsimamisha Emiliano Villa. Juni mwaka huo, katika mji wa Randers, alikutana na Marijan Beneš wa Yugoslavia, mpiganaji mkali aliyekuwa bingwa wa Ulaya wa ridhaa mwaka 1973 na baadaye wa kulipwa, na hilo pengine ndilo lililokuwa gumu zaidi kati ya yote manne. Beneš naye alikuwa shoto na alipenda vita vya karibu. Kalule alishinda kwa pointi baada ya raundi 15.

Septemba 1980, mjini Aarhus, mpinzani alikuwa Bushy Bester wa Afrika Kusini. Hapa ndipo tofauti ya dunia mbili za ngumi inapoonekana waziwazi. Upande wa ridhaa, Afrika Kusini ilikuwa imefukuzwa Olimpiki, na Uganda ilikuwa imeacha medali za Montreal kwa sababu ya mechi za raga tu. Upande wa kulipwa, WBA iliwatambua mabondia wa Afrika Kusini na hata kuruhusu mapambano ya ubingwa yafanyike huko. Bingwa hakuwa na sauti kubwa juu ya nani anawekwa mbele yake. Kukataa mpinzani aliyeidhinishwa kungeweza kumpokonya mkanda. Kalule alimshinda Bester kwa pointi.

Mapambano matatu kati ya hayo manne yalikwenda raundi zote 15. Kuna wanaoona hilo kuwa dosari, kwamba bingwa asiyeangusha watu hana konde. Hoja hiyo ni dhaifu. Dakika 45 za makonde dhidi ya watu waliotayarishwa kwa miezi ili kuuchukua mkanda wake, mara tatu ndani ya mwaka mmoja, bila majaji kumkosesha ushindi hata mara moja, ni kazi ngumu kuliko kumwangusha mtu mmoja dhaifu katika raundi ya pili. Wakati huo ubingwa wa dunia ulikuwa bado ni wa raundi 15. Baada ya kifo cha Mkorea Duk Koo Kim mwishoni mwa 1982 ndipo mashirika yalianza kupunguza hadi 12, na mabondia wa aina ya Kalule wakapoteza zile raundi tatu za mwisho zilizokuwa shamba lao.

Kisha likaja jina la Sugar Ray Leonard. Mmarekani huyo alikuwa bingwa wa WBC wa uzani wa welta, kipenzi cha televisheni, na alikuwa amekwisha kulipa kisasi cha pambano pekee alilopoteza, dhidi ya Roberto Durán. Alikuwa anajiandaa kukutana na Thomas Hearns, bingwa wa WBA wa uzani huohuo, katika pambano ambalo lingekuwa la fedha nyingi kuliko yote yaliyotangulia katika uzani wao. Kwanza alitaka mkanda wa pili, na Kalule alikuwa nao. Kuna sadfa ambayo magazeti ya wakati ule hayakuijali sana. Leonard alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Montreal katika welta nyepesi, na Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa Havana katika uzani huohuo miaka miwili kabla. Watu wawili waliokuwa bora duniani katika kilo 63.5 walikutana kwa mara ya kwanza wakiwa na karibu kilo 70.

Pambano liliwekwa Astrodome, Houston, tarehe 25 Juni 1981, na Hearns alipigana katika ukumbi huohuo usiku uleule ili umma uwaone wote wawili. Mpangilio ulisema wazi nani alikuwa mgeni wa heshima na nani alikuwa daraja la kuvukia. Kalule aliingia akiwa na mapambano 36 bila kushindwa.

Hakuwa daraja rahisi. Leonard alianza kwa kasi, mikono ikimiminika, na bondia mwingine angeanguka mapema. Kalule alisimama, akayapokea, akaendelea kusogea. Ushoto wake ulimsumbua Leonard, na raundi za kati zilikuwa za kusukumana kweli, bingwa wa WBA akitafuta mwili na mpinzani akijibu kwa mfululizo wa makonde ya haraka. Katika raundi ya tisa Leonard alimpata kwa konde la kulia kichwani, akamfuata kwa mvua ya makonde, na Kalule akaenda chini. Aliinuka, lakini mwamuzi Carlos Berrocal akasimamisha pambano. Leonard akapiga sarakasi hewani kushangilia. Muda ulioandikwa rasmi ulikuwa dakika 3 na sekunde 6, ilhali raundi ina dakika 3 tu. Kwa hesabu hiyo kengele ilipaswa kuwa imekwisha kulia. Matokeo hayakubadilishwa, na pengine raundi ya kumi isingebadilisha kitu, lakini kwa mtu ambaye silaha yake kubwa ilikuwa raundi za mwisho, sekunde hizo sita zina uzito wake.

Leonard hakuutetea mkanda ule. Septemba mwaka huo alimsimamisha Hearns katika raundi ya 14 mjini Las Vegas na kubaki kwenye uzani wa welta. Mkanda wa Kalule ukaokotwa na Tadashi Mihara wa Japani, kisha Februari 1982 ukachukuliwa na Davey Moore, kijana wa New York aliyekuwa na mapambano yasiyofika kumi. Kalule alimfuata Moore mjini Atlantic City Julai 1982 kuudai. Moore alikuwa mbichi kwa hesabu ya mapambano lakini alikuwa na ujana, nguvu na ujasiri wa mtu asiyejua kushindwa. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya kumi. Novemba mwaka huohuo, huko Marekani tena, Kalule alikutana na Mjamaika Mike McCallum, na safari hiyo pambano halikuvuka raundi ya saba.

Wengi walidhani amekwisha. Kushindwa mara tatu kati ya Juni 1981 na Novemba 1982, zote kabla ya kengele ya mwisho, kwa kawaida hummaliza bondia mwenye umri wa karibu miaka 30. Lakini inafaa kuangalia ni nani waliomshinda. Moore alikuwa hajapoteza pambano. McCallum alikuwa hajapoteza pambano, na alikuja kuwa bingwa wa dunia katika uzani tatu tofauti. Leonard alikuwa na doa moja alilokwisha kulifuta. Wapo mabingwa ambao hawakuwahi kukutana na hata mmoja wa aina hiyo katika maisha yao yote ya ngumi. Kalule alikutana na watatu ndani ya miezi 17, wote kwenye ardhi ya Marekani. Kupanga mapambano kwa namna hiyo hakukuwa busara ya kulinda bondia, na lawama, kama ipo, haimhusu aliyevaa glovu.

Alirudi Ulaya, akapanda tena uzani wa kati na kuanza upya dhidi ya wapinzani wa kawaida. Juni 1985, mjini Copenhagen, alipewa nafasi ya kuwania ubingwa wa Ulaya uliokuwa wazi. Baada ya karibu miaka kumi Denmark ilikuwa makao yake, na ndiyo iliyomfungulia mlango wa mkanda ambao kwa kawaida ni wa watoto wa bara hilo. Alimsimamisha Mfaransa Pierre Joly katika raundi ya nane. Mtu aliyezaliwa Uganda akawa bingwa wa Ulaya.

Desemba mwaka huo aliutetea mjini Ancona, Italia, na hapa kuna kisa kinachostahili kujulikana zaidi Afrika Mashariki na Kongo. Mpinzani alikuwa Sumbu Kalambay, aliyepigana kama Mwitaliano lakini alizaliwa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo. Ubingwa wa Ulaya ukawaniwa na mtu wa Uganda na mtu wa Katanga, mbele ya Waitaliano. Kalambay alikuwa fundi kweli, mwepesi wa miguu na mwenye macho ya haraka, na alikuwa nyumbani. Majaji hawakukubaliana, lakini wengi wao walimpa Kalule. Ushindi huo ulionekana wa kawaida wakati ule. Thamani yake ilijulikana baadaye: mwaka 1987 Kalambay alimpiga Herol Graham mjini London, kisha akatwaa mkanda wa WBA wa uzani wa kati kwa kumshinda Iran Barkley, na Machi 1988 akawa mtu wa kwanza kumshinda McCallum. Kalule, akiwa karibu na miaka 32 na mwili uliokwisha kulipa gharama za Houston na Atlantic City, alimshinda mtu huyo kwa pointi katika nchi ya mtu huyo. Kwa ufundi mtupu, pengine hilo ndilo pambano lake bora.

La mwisho lilikuja haraka mno. Februari 1986, miezi miwili tu baada ya Ancona, alisafiri kwenda Sheffield, Uingereza, kuutetea mkanda wa Ulaya dhidi ya Graham mwenyewe, wakati huo akiwa bado hajaonja kushindwa. Graham alikuwa shoto mwenzake, lakini wa mtindo uliopingana kabisa na wa Kalule: mwili unaoyumba kama mwanzi, kichwa kisichokaa mahali pamoja, mikono inayotoka pembe zisizotarajiwa. Waingereza wengi humtaja kuwa bondia wao bora ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Kalule alimfuata raundi baada ya raundi bila kumpata sawasawa, na mwamuzi akasimamisha katika raundi ya kumi. Baada ya hapo aliacha ngumi.

Nyuma yake Waganda waliendelea kufanya vizuri katika uzani uleule wa supa welta, na hilo haliwezi kuwa bahati tu. John Mugabi, aliyepata fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliwaangusha wapinzani wake wote kabla ya kushindwa na Marvin Hagler mwaka 1986, kisha Julai 1989 akatwaa mkanda wa WBC wa supa welta nchini Ufaransa alipomshinda René Jacquot, aliyeumia kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Oktoba 2004 Kassim Ouma, aliyeingizwa jeshini akiwa mtoto na baadaye kubaki Marekani alipokwenda huko na timu ya ridhaa, akautwaa wa shirika la IBF. Mashirika matatu, mikanda mitatu, uzani mmoja, nchi moja.

Mugabi alikuwa na konde zito kuliko Kalule, na Ouma alikuwa na maisha yenye kisa kirefu kuliko chake, ndiyo maana majina yao hutajwa zaidi kwenye vijiwe vya ngumi. Kwa kazi ya ulingoni, hata hivyo, Kalule anawazidi wote wawili. Mugabi aliushika mkanda wake kwa miezi isiyofika tisa na kuupoteza alipoutetea kwa mara ya kwanza, kwa Terry Norris, katika raundi ya kwanza. Ouma aliutetea mara moja akafaulu na kuupoteza mara ya pili. Kalule aliutetea mara nne katika miezi 20, na ndiye pekee kati yao aliyewahi pia kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyeutwaa au kuutetea mkanda wake katika ardhi ya Uganda.